Wala Si Taabu: Bi. Noreen Crabtree Anaweka Penseli Chini

Mimi ndiye niliyemfundisha Bi. Noreen Crabtree kupiga hesabu za riba. Aliingia ofisi ya Oldroyd na Pashley, Mawakili, Jumatatu tarehe 3 Aprili 1978, akiwa hajui riba inaliwa au inavaliwa. Ijumaa hii, tarehe 29 Machi 2019, anastaafu akiwa ndiye mtu anayeogopwa na watu wa bima kuliko mwingine yeyote hapa Halifax, na sifa zote ni zangu.

Basi, si kweli. Mimi ni dereva. Shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na mitano, baada ya kugawanya kwa desimali kunishinda, au mimi kuishinda hesabu hiyo, inategemea unamuuliza nani. Nilichomfundisha Bi. Crabtree ni kuegesha gari, na hilo nalo halikufaulu, kama mnavyoweza kuona kwenye ukuta wa nyuma ya ofisi, pale kwenye alama za rangi nne tofauti. Kila rangi ni gari lake moja.

Ofisi inasema ametumikia miaka arobaini na moja. Bi. Crabtree amekataa. Anasema ni miaka arobaini, miezi kumi na moja na siku ishirini na sita, na kwamba hajawahi kumzidishia mteja siku tano, hataanza kujizidishia mwenyewe. Keki ya kumuaga ilikuwa imeshaandikwa 41. Nimeambiwa ataikwangua kwa kisu.

Jarida hili la ofisi kwa kawaida huandikwa na mawakili, lakini safari hii kila mmoja alisema hana nafasi. Wakili huuza maisha yake kwa vipande vya dakika sita, na Bw. Pashley akipiga chafya mbili, mteja analipia. Dakika zangu mimi hazina mnunuzi. Nimestaafu mara mbili na bado naleta barua kila asubuhi, kwa sababu hakuna aliyetambua. Kwa hiyo nimepewa mimi kazi hii. Niliambiwa niandike ukurasa mmoja, wenye heshima. Kuhusu huo ukurasa mmoja, naomba radhi mapema.

Alianza kama mpiga taipu. Mwaka 1983 marehemu Bw. Oldroyd alimpa barua aichape, ya kudai fidia ya mtu aliyeangukiwa na rafu dukani. Bi. Crabtree aliichapa, akairudisha, na pembeni ya jumla akaandika kwa penseli nambari nyingine. Bw. Oldroyd hakumsemesha siku tatu. Siku ya nne alimwekea mezani mafaili kumi na moja, akasema, “Kama wewe ni hodari hivyo, haya.” Ndivyo watu wa hapa wanavyompandisha mtu cheo.

Tangu hapo kazi yake imekuwa hii. Mtu akigongwa akaumia, bima ya aliyemgonga hulipa. Hulipa mguu, hulipa mshahara uliopotea, hulipa hata saa ya mkononi iliyovunjika. Lakini nyumbani kuna mama, au mke, au mume, anayemwinua mgonjwa, anayemwogesha, anayemkatia nyama sahanini. Huyo halipwi na mtu yeyote. Sheria inasema saa zake nazo zina thamani, ingawa hakuna aliyeandika risiti. Bi. Crabtree ndiye aliyekuwa akizihesabu. Na kwa kuwa toka ajali mpaka hukumu hupita miaka, juu ya saa hizo huja riba. Hapo ndipo watu wa bima huanza kukohoa.

Shida haikuwa bima tu. Shida kubwa ilikuwa sisi wenyewe. Bw. Pashley alipokuwa bado kijana na ana nywele, alitumwa Sowerby Bridge, mji jirani, na fomu iliyouliza, “Unatoa saa ngapi za uangalizi kwa wiki?” Mwenye nyumba, mama wa miaka sitini, alikasirika kidogo. “Uangalizi? Sisi hatuna mambo hayo hapa, kipenzi. Mimi namtazama Frank wangu tu.” Bw. Pashley akaandika sifuri, kwa mwandiko mzuri sana. Frank, yule mgonjwa mwenyewe, hakuweza kufunga kifungo cha shati. Bi. Crabtree aliiona ile sifuri, akavua miwani, akasema, “Hebu nipe hiyo fomu, kipenzi, kabla hujaifilisi familia ya watu.”

Akaenda mwenyewe. Mimi nilimwendesha, kwa ajili ya usalama wa kuta za Sowerby Bridge. Hakubeba fomu. Alibeba keki ya tangawizi. Alikaa jikoni, akakubali chai, akazungumza habari za mapazia. Na kila mama yule alipoinuka kumwendea Frank, Bi. Crabtree alichora kistari kimoja kidogo nyuma ya bahasha. Mwisho wa saa mbili kulikuwa na vistari kumi na tisa, na chai ya mwenye nyumba ilikuwa imejaa kama ilivyomiminwa, ila sasa ilikuwa na utando juu.

Hiyo ndiyo ikawa njia yake kwa miaka yote iliyofuata. Hakuuliza saa. Aliuliza, “Mara ya mwisho kunywa kikombe cha chai mpaka chini kikiwa bado cha moto ilikuwa lini?” Nimewaona wanaume wazima, wachimba mawe, wakifikiria swali hilo mpaka macho yakawa mekundu. Katika ofisi nyingine wana programu ya kompyuta. Sisi tulikuwa na chai iliyopoa.

Lakini nikisema habari za Bi. Crabtree bila kusema habari za Connie Lumb, nitakuwa nimewapa gari bila injini.

Novemba 1996 lori la mazulia lilirudi nyuma bila kutazama, likambana Neil Lumb kwenye ukuta wa ghala. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Alipona, kwa maana kwamba hakufa. Miguu haikurudi, na mkono wa kulia ulirudi nusu. Mama yake, Connie, alikuwa mpishi wa kantini ya shule. Aliacha kazi Jumatatu iliyofuata, akasema ni kwa wiki mbili tatu hivi.

Miaka ikapita saba. Upande wa lori ulishakubali kosa, ila haukukubali bei. Bima yao ikamtuma mkadiriaji nyumbani kwa akina Lumb kuona kazi yenyewe ni kiasi gani. Na hapa Connie alifanya kosa ambalo nina hakika katika dunia nzima ni watu wa huku kwetu tu wanaoweza kulifanya. Kwa kuwa mgeni anakuja, alisafisha nyumba. Alimwogesha Neil na kumvisha shati la Krismasi. Ile mashine ya kumwinulia aliisukuma ikaingia chumbani, akafunga mlango. Kiti cha choo alikificha nyuma ya pazia, akaweka ua mbele yake. Akatoa vikombe vya arusi. Mkadiriaji, kijana mpole mwenye mkoba mzuri, akala vipande viwili vya keki, akauliza, “Na kumuuguza Neil, Bi. Lumb, ni taabu sana?”

Connie akasema, “Wala si taabu.”

Yule kijana akaandika. Ripoti ilipofika ofisini, Bi. Crabtree aliisoma akiwa amesimama. Ilisema: *Mama anaeleza kwamba uangalizi si taabu. Makadirio: saa moja kwa siku.* Nilikuwepo, nimeleta barua. Hakutukana, kwa sababu ni mtu wa kanisa. Alikaa chini, akachonga penseli mpaka ikabaki fupi kama kidole gumba.

Tukaenda. Mara hii nilikuwa ndani, kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha, na kwa sababu nilikuwa nimesikia habari za ile keki. Connie alipasha chai yake moto mara nne na hakuinywa. Kwenye mlango wa friji kulikuwa na kadi moja ya picha, pwani ya Filey, aliyotumiwa na dada yake mwaka 1997. Bi. Crabtree akaitazama kadi.

“Pazuri, Filey,” akasema.

“Nitakwenda,” Connie akasema. “Wiki moja. Nilale kitanda ambacho sikukitandika mimi, na niamke nikitaka. Neil wetu akiwa sawasawa kidogo.”

Neil, kutoka chumba cha pili, akapaza sauti: “Mama, Neil wetu hatakuwa sawasawa! Nenda tu!”

“Kimya wewe,” Connie akasema, akainuka kwenda kumgeuza.

Aliporudi, Bi. Crabtree alimweleza mambo ya pesa. Kwamba saa zake za miaka saba, kwa hesabu halisi ya saa sita kwa siku, zilifika pauni elfu sitini na tatu, hapo bima ikiwa imeshakata robo kwa sababu mama halipi kodi na hapandi basi kwenda kazini. Connie akatikisa kichwa. Hizo ni za Neil, akasema. Hatazigusa. Mtu halipwi kwa kumwogesha mtoto wake. Bi. Crabtree akasema sawa, na juu yake kuna riba, kama elfu kumi na sita.

Hapo Connie aliweka kikombe chini kwa nguvu. “Riba? Noreen, mimi si mkopeshaji! Niende kwa jaji niseme nilimfuta mwanangu makalio, sasa nataka na faida?”

Bi. Crabtree hakubishana. Alikata keki, akampa kipande, akangoja aanze kutafuna, kwa maana mtu anayetafuna keki yake hawezi kumkatiza. Kisha akasema maneno ambayo nimeyaweka kichwani miaka kumi na sita, na kichwa changu si ghala kubwa.

“Connie, sikiliza. Saa zile ni zako na Neil, mkiziita mapenzi ni haki yenu, wala sitawaingilia. Riba si malipo ya mapenzi. Wale watu wangemleta muuguzi mwaka tisini na sita, wangemlipa mwaka tisini na sita. Hawakumleta, kwa sababu wewe ulikuwepo. Hela ile imelala kwao miaka saba, na haikulala bure, imezaa. Watoto wake ndio hao. Si wa Neil, si wa mapenzi, ni wa ule muda. Na ule muda ulitoka kwa nani?”

Connie akatafuna muda mrefu. Neil, kutoka chumba cha pili, akasema, “Filey, Mama.”

“Kimya wewe,” Connie akasema, lakini polepole.

Kwa hiyo mkiona imeandikwa kwamba Bi. Crabtree ni bingwa wa hesabu, jueni hesabu ni nusu tu ya ubingwa wake. Mtu asiyeweza kupokea mtaji, yeye alimwonyesha namna ya kupokea riba.

Kesi ilisikilizwa Leeds, Oktoba 2003. Kulikuwa na jambo moja la kuogopa, na wote ndani ya gari tulilijua, isipokuwa Connie mwenyewe. Wakili wa bima angemuuliza Connie kama kumuuguza Neil ni taabu. Na Connie, akiwa amevaa kofia yake nzuri mbele ya jaji, angejibu kama alivyolelewa kujibu. Neno lile lingeingia kwenye kumbukumbu za mahakama, saa sita zingerudi kuwa moja, na riba yake ingebaki ya kununulia soksi. Filey ingebaki kwenye friji. Na sheria hairuhusu kumfundisha shahidi la kusema. Bi. Crabtree anaiheshimu sheria kuliko mawakili wanavyoiheshimu, kwa hiyo toka Halifax mpaka Leeds alizungumza habari za hali ya hewa tu. Maili kumi na sita za mawingu. Mimi nilijaribu kusema kitu karibu na Brighouse, akanitazama kwenye kioo.

Connie akapanda kizimbani. Wakili wa bima alikuwa mtu wa adabu sana, na hao ndio wabaya. Alimsifu. Alisema mahakama nzima inamstahi. Kisha akauliza kwa sauti ya kubembeleza, “Lakini kwako wewe, Bi. Lumb, kumwangalia Neil, ungesema ni taabu?”

Nilimwona Connie akinyanyua kidevu. “Wala si taabu,” akasema.

Wakili akaketi kama mtu aliyemaliza chakula cha mchana. Mwandishi wa mahakama akaandika. Mimi niliangalia kofia yangu. Bi. Crabtree hakuangalia chochote. Alivuta faili lake karibu akalinyoosha.

Maana kulikuwa na kitu ndani ya faili lile. Siku ile ya keki, alipokwenda kunawa mikono, alikuwa ameona ukutani kalenda ya mwuza nyama, ile ambayo kila mteja hupewa bure Krismasi. Connie alikuwa na zote saba. Hawezi kutupa karatasi yenye picha ya ng'ombe. Hakuandika humo saa wala uangalizi. Aliandika tu mambo aliyokusudia kufanya, kisha akayakata. *Arusi ya Jean*, imekatwa. *Kwaya*, imekatwa. *Nywele*, imekatwa, imekatwa, imekatwa. Bi. Crabtree aliomba kuziazima, akazitia kwenye ushahidi kihalali, kila ukurasa na nambari yake, akaongeza orodha ya vilivyokatwa, mia nne na kumi na viwili, bila kuandika maoni hata neno moja.

Jaji alikuwa mzee mwembamba aliyekuwa hajasema kitu tangu asubuhi. Alifunua kalenda moja, akafunua ya pili. Akarudi nyuma. Akasema, “Bi. Lumb, naona hapa daktari wa meno, Machi 1999. Umekata. Aprili, umekata. Mei. Nimehesabu mara kumi na moja. Lile jino liliishiaje?”

“Lilitoka lenyewe, Mheshimiwa,” Connie akasema. “Wala halikuwa taabu.”

Jaji alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akasema mama yake mzazi alikuwa wa Batley, mji wa huku kwetu, na kwamba mahakama inafahamu neno hilo maana yake ni nini likitamkwa na watu wa upande ule. Akaandika kitu. Wakili wa bima akaanza kuonekana kama mtu aliyekuta mfupa kwenye pai.

Hata hivyo hakukata tamaa, alikuwa amebakiwa na riba. Akasimama kueleza kwamba riba ni ya mtu aliyenyimwa fedha zake. Bi. Lumb hakuwahi kutoa peni moja mfukoni kumlipa mtu. Hakuna aliyelipwa. Sasa ni fedha gani iliyocheleweshwa? Lilikuwa swali zuri. Hata mimi nilianza kukubaliana naye, ndiyo maana sikusomea sheria. Wakili wetu, kijana aliyekuwa akitokwa jasho chini ya wigi, akaanza kupekua vitabu.

Bi. Crabtree alichana kipande cha mfuko wa pai aliyokula asubuhi. Akaandika mstari mmoja kwa penseli, akampitishia. Wakili wetu alikisoma, akafunga vitabu, akauliza, “Mheshimiwa, kama wangemleta muuguzi mwaka 1996, wangemlipa lini?”

Wakili wa bima alifungua mdomo. Nilihesabu. Alikaa nao wazi kwa muda ambao ofisini kwetu angemtoza mteja dakika sita.

Jaji akatoa riba tangu siku ya ajali, kwa nusu ya kiwango cha mahakama. Kwa wale wanaouliza kwa nini nusu: saa za mwaka wa kwanza zilisubiri miaka saba, saa za wiki iliyopita zilisubiri wiki moja, ukizichanganya zote inatoka nusu. Haya si maneno yangu. Mimi, kama nilivyosema, nilishindwa na desimali. Ilifika pauni elfu kumi na sita, mia moja na arobaini. Bi. Crabtree alikuwa ameandika 16,140 nyuma ya bahasha wiki tatu kabla.

Sasa sehemu inayonihusu mimi. Tulitoka, tukaketi kwenye benchi la korido. Neil alikuwa nyumbani na muuguzi wa kulipwa wa siku moja, aliyelipwa na Bi. Crabtree, ingawa atakana. Nilikuwa na chupa yangu ya chai, ya chuma, ya kijani, niliyopewa na marehemu mke wangu. Bi. Crabtree aliinyakua bila kuniuliza, akamimina kifuniko kikajaa, akampa Connie.

Connie akanywa. Alinyanyua kichwa mara mbili, kama mtu aliyesikia akiitwa. Hakuna aliyemwita. Akanywa tena. Kisha akatazama ndani ya kifuniko kwa muda, akasema, kama mtu aliyeibiwa, “Imekwisha.”

“Ilikuwa ya moto?” Bi. Crabtree akauliza.

“Mpaka chini,” Connie akasema.

Bi. Crabtree akachukua bahasha yake, akachora kistari kimoja, akaitia mkobani. Mpaka leo sijui kistari kile kilikuwa cha hesabu gani.

Mei iliyofuata ilikuja kadi ofisini kutoka Filey. Bado iko ukutani juu ya mashine ya kunakili, mwombeni Bw. Pashley aondoe koti lake mtaiona. Imeandikwa: *Nalala mpaka saa tatu. Mvua kila siku. Wala si taabu. C. Lumb.* Alikwenda kila mwaka tangu hapo, na baadaye Neil naye akawa anakwenda, kwenye chumba kingine, kwa sababu alisema mama yake anakoroma.

Kuna mengine mengi. Aliwafundisha makarani wanane, na watatu kati yao sasa ni mawakili, jambo ambalo hajawahi kujivunia. Mwaka 2009 alimwandikia barua Bw. Pashley ya kumwambia kwamba saa zake za ofisi alizowatoza wateja mwezi ule zilizidi saa zilizomo kwenye mwezi. Aling'atwa na mbwa wawili, akahesabu saa za aliyemuuguza. Huyo alikuwa ni yeye mwenyewe. Hakudai.

Na hapo ndipo ninapotaka kuwa mkorofi kidogo, kwa kuwa baada ya Ijumaa hataweza tena kunitazama kwenye kioo.

Tangu mwaka juzi, chai ya Bi. Crabtree inapoa mezani kwake. Wenzangu ofisini, ninyi mna digrii lakini hamkuona. Saa tano kila siku anapiga simu nyumbani. Saa saba anachukua koti la mvua na kutoka, mnadhani anakwenda maktaba, kumbe anakimbilia nyumbani. Mume wake, Ken, aliyekuwa mpiga tarumbeta wa bendi yetu ya hapa mjini, mikono yake inatetemeka siku hizi, na vifungo vimemshinda, na uma pia. Ndiyo sababu Noreen anastaafu sasa, si kwa ajili ya bustani kama alivyowaambia. Nisingeyaandika haya kama Ken mwenyewe asingenituma. Tulikutana kwa kinyozi. Akasema, “Andika, Stanley. Mimi nikimwambia apumzike, unajua ananijibu nini.”

Nikamuuliza Noreen mwenyewe, Jumanne, pale kwenye ngazi. Nikasema, “Noreen, na Ken je?”

Mnajua alinijibu nini. Mwanamke aliyetumia miaka arobaini, miezi kumi na moja na siku ishirini na sita kuwafumbua wengine midomo kuhusu neno lile, alinyanyua kidevu akanitupia lilelile.

Basi, Bi. Crabtree, kwa niaba ya Oldroyd na Pashley, kwa niaba ya kila mtu wa bonde hili ambaye chai yake ilipoa na wewe ukaiona, tunakushukuru. Tunakuombea miaka mirefu ya kukaa kwenye kiti bila kuinuka, afya kwako na kwa Ken, na kuta zilizojengwa mbali na njia ya gari lako.

Kwa upande wangu sina zawadi, nina deni ninalokudai. Chupa yangu ya kijani hukuirudisha. Ulitoka nayo mahakamani mwaka 2003, nikanyamaza kwa sababu mambo yalikuwa mengi. Nitakuja kuichukua Alhamisi ijayo saa nne asubuhi. Lakini mimi si msomi, unanijua, na kuikagua chupa ya chai kama ile hunichukua saa tatu, na siwezi kukagua nikitazamwa. Itabidi utoke. Mimi na Ken tutakaa nayo. Inawezekana kifuniko kisionekane Alhamisi ya kwanza, nikalazimika kurudi Alhamisi ya pili, na nyinginezo.

Kuhusu riba ya miaka hiyo kumi na sita, nitachukua nusu ya kiwango: kabla hujatoka, ijaze mpaka katikati, iwe ya moto. Nusu nyingine kanywe wewe, popote utakapokaa, mpaka chini.

Stanley Holroyd,
dereva